Muulize Shangazi: Novemba imenielemea

SWALI: Shikamoo Shangazi. Mimi ni mtu wa Tanga, naishi Minneapolis, Marekani, na mume wangu na binti yetu wa miaka saba. Kazi yangu ni kutunza wazee, zamu ya usiku. Tangu saa zirudishwe nyuma mwanzoni mwa Novemba, jua nalisikia tu. Natoka kazini kungali kiza, nalala, nikiamka linazama. Sasa Sikukuu ya Shukrani inakaribia, na kazini wamebandika mti wa karatasi ukutani, kila mtu aandike kwenye jani anachoshukuru. Langu bado tupu. Nyumbani, binti kachora bata mzinga, yule wa kuliwa sikukuu hiyo, kwa kufuatisha kiganja chake, kila kidole na shukrani yake. Kwenye gumba kaandika: “Mama akiwa macho.” Wiki ile nimeomba zamu zote, maana sikukuu wanalipa mara moja na nusu. Nifanyeje? – Mchovu

JIBU: Marahaba mwanangu. Hilo gumba limenikaa kooni, lakini tuanze na jua.

Kwetu Tanga jua huzama kati ya saa kumi na mbili na saa moja, mwaka nenda mwaka rudi. Huko mwishoni mwa Novemba linazama saa kumi na nusu hivi. Nami nimeishi jimbo hilo nikimsaidia dada yangu kulea, nalijua lile giza linaloingia watu hawajatoka kazini. Basi tega saa uamke saa nane mchana. Vaa koti na buti, toka nje, zunguka mtaa nusu saa kabla hujagusa sufuria. Kukiwa na mawingu toka vilevile, mwanga wa nje unazizidi mbali taa za sebuleni. Ziko pia taa maalumu za laksi 10,000, yaani kipimo cha ukali wa mwanga. Unakaa karibu nayo nusu saa ukishaamka, wala si ukirudi kutoka kazini, itakufukuzia usingizi. Ukiwa na maradhi ya macho, muulize daktari kwanza. Na huzuni ikipita wiki mbili haikuachii, nenda hospitali. Huzuni ya msimu inajulikana na ina tiba, usiifunike kwa neno uchovu.

Kuhusu jani: hulazimiki kuchangamka ndipo ushukuru. Rais Lincoln aliitangaza sikukuu hiyo mwaka 1863, Wamarekani wakiuana wenyewe kwa wenyewe. Sisi tumefundishwa kwamba asiyewashukuru watu hamshukuru Mungu. Kwa hiyo achana na “afya” na “familia”, majani yote yameandikwa hayo. Andika jina la mtu mmoja na alichokutendea, kama ni yule anayekupa lifti theluji ikianguka au anayekushikia zamu mtoto akiumwa. Halafu mwambie mwenyewe, kwa mdomo.

Sasa zamu. Sitakuimbia haraka haraka haina baraka, mwenye nyumba akitaka kodi yake haimbiwi methali. Kama pesa hiyo ni ya kodi au ya dawa za mama Tanga, kafanye kazi bila kujilaumu. Wazee nao hawaachwi wenyewe kwa sababu ya sikukuu. Kama ni ya televisheni ya bei poa, maduka yakishusha bei Ijumaa inayofuata sikukuu, waachie wengine.

Ila umekosea hesabu ya usiku, mwanangu. Zamu inayokuibia Alhamisi ya sikukuu ni ya Jumatano usiku, maana sikukuu nzima utailala. Ya Alhamisi yenyewe unaingia saa tano usiku, binti keshalala. Achia ya Jumatano, shika ya Alhamisi, lakini uliza kwanza sikukuu wanaihesabu kuanzia saa ngapi, kila kazi ina yake.

Alhamisi mchana, bata mzinga mwache dukani. Pika pilau ya kuku, binti atwange bizari na iliki, wewe ukaange vitunguu. Vile havitaki moto mkali, vitaungua juu na ndani vibichi, kwa hiyo mtasimama hapo muda mrefu mkipiga soga. Simu ya Tanga pigeni asubuhi, kule ni jioni, kisha izime. Alasiri ujilaze kidogo kabla ya kazi, baba mtu aoshe vyombo.

Anayepanga zamu mwone leo, kabla orodha haijatoka.