Sanamu ya taifa ikigeuka roboti: anza na mifupa, mizinga baadaye

Mkuu mleta uzi, umeuliza mambo mawili: sanamu na minara ya mataifa ikiamka usiku mmoja ikawa roboti, nani atakuwa mkali kuliko wote, na mtu anayeanza kuchora afanyeje ili kazi yake isionekane kama sanamu iliyobandikwa gia. La kwanza wachangiaji walionitangulia wamelijibu kwa ushabiki, na wengi wamechagua kwa kuangalia urefu tu. Mimi naanza na la pili, kwa sababu nimechora vitu hivi miaka sita sasa na sidhani kuna kosa ambalo sijalifanya.

Mchoro wangu wa kwanza ulikuwa Sanamu ya Uhuru ya New York. Mwenge niliugeuza mzinga, ile miale saba ya taji nikaifanya makombora, macho nikayapaka rangi nyekundu. Nikaupandisha mtandaoni nikakaa mkao wa kupongezwa. Mtu mmoja akaandika maneno manne: "Huyu ni mtu kavaa." Nilinuna siku mbili. Siku ya tatu nikaufungua tena mchoro nikakubali kwamba jamaa kanipatia. Nilikuwa nimechora mwanamke wa kawaida, magoti ya binadamu, mabega ya binadamu, kisha nikampaka kijani. Ungemvua taji usingejua ni nani.

Ndipo nikaanza kusoma sanamu ile ilivyojengwa, na hapo ndipo mchezo wote ulipobadilika.

Ngozi yake ni shaba yenye unene wa kama milimita 2.4. Sarafu mbili ukizibebanisha zinaizidi. Ngozi nyembamba namna hiyo haiwezi kujibeba, kwa hiyo ndani yake Gustave Eiffel, huyo huyo wa mnara wa Paris, alisimamisha nguzo kuu ya chuma na kiunzi, na kutoka kwenye kiunzi zikatoka fito bapa za chuma zinazofuata mikunjo ya vazi. Sasa sikiliza uzuri wake: fito hizo hazikugandishwa kwenye shaba. Zimepitishwa ndani ya vikuku vilivyopigiliwa kwenye ngozi kwa ribiti (pini za kupondwa vichwa), ili jua likiipanua shaba au baridi ikiisinyaza, ngozi iteleze kidogo bila kupasuka. Kwa lugha yetu wachoraji, tangu alipozinduliwa mwaka 1886 huyu mama ana mifupa, ana mbavu, na ana ngozi inayocheza juu ya mbavu. Ukimchora roboti, kazi yako ni kumtia mota tu.

Na ana maradhi, jambo ambalo mimi nalithamini kuliko silaha yoyote. Chuma na shaba vikigusana penye unyevunyevu, chuma ndicho kinacholiwa. Wajenzi walilijua hilo wakaweka asbesto iliyolowekwa kwenye vanishi katikati yake. Miaka ikapita, kile kizuizi kikachakaa, kutu ikaivimbisha ile chuma mpaka ikawa inang'oa ribiti za vikuku. Katika ukarabati wa 1984 hadi 1986 zile fito zilibadilishwa, zikawekwa za chuma cha pua. Tena kichwa chake kilifungwa kikiwa kimehama kama sentimita 60 kutoka kwenye mstari wa michoro, na upepo ukimtikisa, mwale mmoja wa taji ulikuwa unakwaruza mkono wa kulia mpaka ukaanza kuutoboa. Mkono huo huo uliwahi kuumizwa na mlipuko wa ghala la silaha la Black Tom, jirani na hapo, mwaka 1916, na tangu hapo wageni hawaruhusiwi kupanda kwenye mwenge.

Basi nilipomchora mara ya pili sikumpa mzinga. Nilimpa bega bovu. Mkono wa mwenge haushuki kwa sababu umekaza, kwa hiyo kila anachokifanya anakifanya kwa mkono wa kushoto, wenye lile bamba, na akigeuza kichwa kulia anageuza taratibu kama mtu aliyelala vibaya shingo ikakakamaa. Halafu zunguka nyuma yake kwenye picha yoyote ile: kisigino cha kulia kimenyanyuka, na chini pana mnyororo uliokatika. Huyu tayari yuko katikati ya hatua. Sikuhitaji kumtafutia pozi.

Tangu siku ile nimejiwekea sharti moja ambalo naona linanifaa: kabla sijagusa kalamu nauliza kitu hiki kinasimamaje, kinacheza wapi, na kimewahi kuumwa nini. Nikikosa majibu, sichori.

Chukua Mnara wa Eiffel. Watu humwekea uso pale juu, na hapo anaishia kuwa mtu mwenye sketi. Uso wa nini? Utamu wake uko miguuni. Ile miguu minne imepanda kwa kulala, kila mmoja umeegemea hewani, na ilipofika ghorofa ya kwanza ilibidi ikutane na mihimili ya kulala kwa usahihi mkubwa ili matundu ya ribiti yalingane. Waliwezaje? Waliweka jeki za haidroliki miguuni, na huko juu, kwenye majukwaa yaliyoshikilia nguzo, masanduku ya mchanga. Mguu ukihitaji kupanda, jeki inausukuma. Ukihitaji kushuka, wanauachia mchanga utoke. Mchanga, wakuu! Chuma tani 7,300 kikapangwa sawasawa kwa kumwaga mchanga. Roboti wangu wa Paris hana magoti ya kukunja. Akitaka kuinama, mchanga unamwagika, na akitaka kusimama jeki zinalia. Nilitumia wiki nzima kuuchora ule mchanga unavyotoka kwenye pembe ya mguu wa kaskazini, punje zinavyoruka zikigonga ribiti, vumbi linavyopanda mpaka kwenye tao la chini. Ndiyo picha yangu moja ambayo watu bado wananiulizia.

Tena mnara huo unakufundisha uzito. Ukiyeyusha chuma chake chote ukakimwaga kwenye mraba wa msingi wake, mita 125 kwa 125, kina chake hakifiki sentimita 7. Umejaa hewa. Na roboti mkubwa akikosa hewa ndani yake, kwisha habari. Galileo aliliandika hilo mwaka 1638: kitu ukikikuza mara mbili kila upande, uzito unaongezeka mara nane, lakini eneo la mkato wa mifupa inayoubeba linaongezeka mara nne tu. Ndiyo maana wale mnaoniambia nimchore Sphinx wa Misri anakimbia, samahani sana. Ni mwamba wa chokaa uliochongwa hapo hapo ulipo, urefu wake mita 73, hauna tundu la kuwekea goti. Akinyanyua mguu mmoja, mguu unabaki chini. Mount Rushmore, ule mlima wa Marekani wenye sura za marais, vilevile, tena hao wana vichwa tu. Mtu anaweza kuniambia mwili umefukiwa mlimani, sawa, lakini hapo anachora mwili wake mwenyewe na ile sanamu imekuwa kofia.

Hata kwa roboti halisi, uzito ndio unaoamua. Yule Gundam, roboti wa katuni aliyejengwa Yokohama, Japani, na kuzinduliwa mwishoni mwa 2020, alikuwa na kimo cha mita 18 na uzito wa kama tani 25. Alikunja vidole, akanyanyua mguu, akapiga goti, watu wakashangilia. Lakini angalia vizuri picha zake nyuma ya kiuno: alishikiliwa na mhimili, na mhimili ndio uliombeba. Mita 18 tu, na bado hakuachiwa asimame peke yake.

Sasa linganisha na Sanamu ya Umoja kule Gujarat, India, ya mwaka 2018. Mita 182. Hapa wachangiaji mmeishia kwenye hiyo namba, na mimi namba hainisumbui. Kinachonisumbua ni miguu. Jengo refu kawaida hutanuka chini. Huyu amechongwa akiwa anatembea, na kati ya mguu na mguu pana uwazi, kwa hiyo amekuwa mwembamba pale hasa ambapo fundi angetaka awe mnene. Ili upepo usimsumbue, ndani yake mna vidhibiti viwili vya mtikisiko vyenye uzito wa tani 250 kila kimoja, vinavyoyumba kinyume na yeye anavyoyumba. Nilimtengenezea kielelezo cha boksi, kimo cha goti langu, viungo vikiwa vya pini za karatasi, nikaninginiza nati mbili kifuani kwa uzi. Nilipomnyanyua mguu wa mbele akaanguka. Nikaongeza nati, akaanguka kinyumenyume. Nilihangaika naye jioni nzima mpaka nikagundua kwamba nati zikiachwa ziyumbe kwa nafasi, anachelewa kuanguka kwa muda wa kutosha kuweka mguu chini. Nikacheka peke yangu. Ndiyo maana kwenye mchoro wangu hatua zake ni ndefu na za polepole, na kila akikanyaga, kifuani unasikia mzigo ukipita kutoka upande hadi upande. Ni mzee anayetembea kwa kusikilizia mwili wake.

Ila ukinikaba niseme nani mkali, nitakujibu yule mama wa Volgograd, Urusi, sanamu ya Nchi Mama Inaita. Mita 85 pamoja na upanga, amesimama tangu 1967, na hajafungwa kwenye msingi. Uzito wake mwenyewe ndio unaomweka pale. Wengine wote itabidi ueleze walivyojing'oa chini, nguzo zilivyokatika, bolti zilivyoruka. Huyu anaondoka tu. Ndani yake zege limevutwa kwa nyaya za chuma zilizokazwa, kwa sababu zege linavumilia kubanwa lakini kuvutwa haliwezi, kwa hiyo kano unazikuta zipo tayari. Upanga wake wa kwanza ulikuwa na mabamba yaliyokuwa yakitoa kelele kwenye upepo, ukabadilishwa mwaka 1972, na huu wa sasa una matundu kwenye ncha ili upepo upite. Hebu fikiria silaha ambayo mwenyewe aliyeishika ilimsumbua kwa kelele mpaka akabadilishiwa. Mimi nilimchora akiwa na zote mbili, ule wa zamani kaufunga mgongoni, na usiku wa upepo adui anamsikia kabla hajamwona.

Nimeona mmoja wenu kauliza kwa nini hakuna mtu kataja Mnara wa Mwamko wa Afrika wa Dakar. Swali zuri, maana ule ndio pekee kati ya hizi wenye familia: baba, mama na mtoto aliyekaa kwenye mkono wa baba akinyoosha kidole. Ulizinduliwa 2010, karibu mita 50. Nimejaribu mara mbili, nimeshindwa mara mbili. Kosa langu lilikuwa kuwachora roboti mmoja mwenye vichwa vitatu, kitu kikawa jinamizi. Naona dawa ni kuwatenganisha, mtoto awe ndiye macho, baba miguu, na mama awe ndiye anayeamua waende wapi, ingawa baba ndiye katangulia mbele. Anayeweza anitangulie, sitaki hakimiliki.

Kristo Mkombozi wa Rio simchori tena. Nilimchora mara moja, nikajisifia mabamba ya mawe laini ya pembetatu yanavyoweza kufunguka kama magamba, na mtu akaniandikia kwa upole kabisa kwamba kwake yeye ile si sanamu tu. Nikaifuta. Sikulazimishwa, na wala sisemi wengine wasichore. Nakwambia tu mkuu kwamba utakutana na hilo mapema, jiandae usije ukabishana na mtu kuhusu dini yake kwa ajili ya magamba.

Moyo wa roboti je? Watu huweka tufe la bluu linalowaka. Nendeni mkaangalie saa kubwa ya Bunge la London. Juu ya pendulamu yake huwekwa sarafu za zamani za peni, na kuongeza peni moja kunaifanya saa iende mbele kwa sekunde 0.4 kwa siku. Roboti mwenye moyo unaorekebishwa kwa chenji, akizimia ukaanza kupapasa mifukoni. Hilo tufe la bluu mwachieni mwenyewe.

Kwa kuanza, mleta uzi, mimi ningekushauri uchukue Tao la St. Louis, Marekani, kwa sababu halina uso wa kukudanganya. Kimo mita 192, upana mita hizo hizo, ngozi ya chuma cha pua, na ndani ya kila mguu mna treni ndogo ya vibehewa vinane vya mviringo, watu watano kila kimoja, inayopanda ikipinda. Kipande cha mwisho cha juu kilipachikwa tarehe 28 Oktoba 1965. Asubuhi ile jua lilikuwa limeutanua mguu wa kusini, vipande havilingani, ikabidi zimamoto waumwagie maji kwa mipira upoe, na jeki zitanue uwazi ili kipande kiingie. Mguu mmoja una homa, mwingine mzima, na watu wanne-watano wako juu wanasubiri. Chora hapo. Usimchore akipigana, mchore siku anayokaribia kukamilika, maji yanateremka kwenye chuma na uwazi wa juu bado haujafungwa.

Mimi nimekwama kwenye kiungo chake: tao likitaka kutembea linakunjia wapi? Nimejaribu katikati, linakuwa koleo. Nimejaribu miguuni, linakuwa kaa asiye na mwili. Ukilipata kabla yangu, weka picha humu.