Maswali yenu: bati la biskuti na barua za Boston

Mama mkwe wangu huku Cork, Ayalandi, kanikabidhi bati la biskuti limejaa barua ambazo shangazi zake walituma kutoka Boston. Zingine zimechanika, nipige selotepu au laminesheni?

Ukipiga laminesheni usinitafute tena. Selotepu nayo gundi yake inageuka njano inazama kwenye karatasi, haitoki. Toa rababendi, toa taratibu klipu zenye kutu, kunjua barua zilale wazi kwenye boksi lisilo na asidi (asidi ndiyo inayokula karatasi), na bahasha usitupe dada yangu maana mara nyingi tarehe utaipata kwenye muhuri wa posta tu. Ukikuta mistari imeandikwa wima juu ya mingine ya mlalo, aliyeandika hakuwa chizi, alikuwa anabana hela ya stempu.

Zote nimeshapiga picha na simu, karatasi nitupe?

Hapana. Na hiyo simu yenyewe ina bakapu?

Tuweke darini?

Jamani hili la dari tena! Ayalandi mvua haikatiki, darini ni unyevu na panya. Weka kabatini chumba mnacholala, mbali na ukuta wa nje.

Tuna picha za watu hatuwajui, tupo Galway. Si serikali ina rekodi zao?

Rekodi zipi kaka? Juni 1922 kwenye vita vya wenyewe kwa wenyewe jengo la nyaraka pale Four Courts, Dublin, liliungua, sensa za 1821 mpaka 1851 karibu zote zikaishia hapo, za 1861 na 1871 serikali ilishaziharibu yenyewe, za 1881 na 1891 zikasagwa wakati wa vita kuu ya kwanza. Zilizopona ni ya 1901 na 1911, ziko bure mtandaoni, anzia hapo. Halafu kaa na wazee wiki hii, sio Krismasi, uandike nyuma ya picha kwa penseli, bolpeni hapana. Na usiniandikie "babu Patrick" basi, ukoo mmoja una Patrick watatu! Patrick wa nani, wa kijiji gani, mwaka gani.

Mume wangu anataka kuchoma barua moja, inataja mtoto wa nje ya ndoa.

Mnyang'anye kiberiti. Huko Ayalandi watoto kibao walichukuliwa kwa mama zao wakagawiwa kwa watu, mpaka sheria ya 2022 ndo wakapewa haki kamili ya kupata vyeti vyao vya kuzaliwa. Kuna mzee mahali anatafuta jina la mama yake, na labda liko kwenye hiyo karatasi. Aibu ya ukoo mtaimeza tu shemeji, ifunge kwenye bahasha uirudishe kwenye boksi.