Porsche 911: anza na magurudumu, taa baadaye

Anayeanza kujifunza maumbo ya magari huikimbilia Porsche 911 kwa taa zake za duara, kisha hukwama. Taa za duara zilikuwepo 1963 na zipo leo, kwa hiyo hazikwambii unatazama kizazi kipi. Anza chini, kwenye ekseli.

Laza karatasi ya A3, uchore gari kwa ubavu, kipimo cha 1 kwa 10. Gari la kwanza, lililobuniwa na Ferdinand Alexander Porsche na kuonyeshwa Frankfurt Septemba 1963 likiwa bado linaitwa 901, lina urefu wa milimita 4,163. Linaingia kwenye karatasi kwa kubana, zinabaki milimita 4 tu. Jaribu sasa 992 ya mwaka 2019, yenye milimita 4,519 (namba kama 992, 964 na 996 ni majina ya vizazi vya 911): mkia unatoka nje ya karatasi. Ukitaka kuvipanga vizazi vyote pamoja, shuka hadi 1 kwa 20.

Weka kwanza vitovu viwili vya magurudumu. Umbali kati yao ni milimita 2,211 mpaka 1968; 2,268 kuanzia modeli za 1969; 2,272 kwa 964 na 993; 2,350 kwa 996 na 997; 2,450 kwa 991 na 992. Ndipo uchore paa, halafu madirisha, na taa ziwe za mwisho. Ukianza na paa, mkono utauvuta mkia chini kupita kiasi na gari litaonekana limechuchumaa.

Zile milimita 57 za 1969 zina sababu yake. Injini ya 911 inakaa nyuma ya ekseli ya nyuma, na kwenye kona uzito ule uliuvuta mkia nje. Wahandisi waliiacha injini palepale, wakasogeza magurudumu ya nyuma kuelekea kwake. Utaona hivyo hivyo katika kila kizazi: umbo lilibadilika kwa sababu kuna kitu kililazimisha, kisha mbunifu akatafuta namna ya kulificha lazimisho hilo.

Lazimisho la 1974 ni sheria za Marekani, zilizotaka bampa zihimili kugongwa kwa mwendo wa kama kilomita 8 kwa saa bila taa na vifaa vingine kuharibika. Hapo ndipo zikaja bampa nene za alumini, zenye mpira uliokunjwa kama kodiani kwenye kona, na boneti ikakatwa fupi kuzipisha. Kumbuka boneti hiyo: ile ndefu inayoshuka hadi karibu na bampa ni ya kabla ya 1974, ile fupi ni ya baadaye. Ni alama ya kuaminika kuliko spoila (bawa dogo la nyuma), kwa sababu mkia wa bata, spoila ya 911 Carrera RS ya 1973, unauzwa kama kipuri na watu huufunga kwenye gari lolote.

Mwaka 1989 ikaja 964. Bampa zimeungana na bodi, na spoila imelala ndani ya kifuniko cha injini, hujiinua gari likifika kama kilomita 80 kwa saa. Paa ni lile lile la zamani. Ilipofuata 993, ya mwisho kupozwa kwa hewa, taa zililazwa nyuma na fenda za mbele zikashuka, huku makalio yakitanuka: upana ulitoka milimita 1,652 hadi 1,735. Wengi wetu tunaiona hii kuwa nzuri kuliko zote, na hatuombi radhi.

Tua zaidi kwenye 996 ya 1997. Injini ilianza kupozwa kwa maji, kwa hiyo zikahitajika rejeta, nazo zikawekwa kwenye kona za mbele; ndiyo asili ya matundu makubwa kwenye bampa. Wakati huohuo kampuni ilibana gharama: milango na sehemu kubwa ya mbele zilitumika pia kwenye Boxster, gari jingine la Porsche. Taa na indiketa zikawekwa katika kasha moja, na rangi ya chungwa chini yake ikazaa jina la yai la kukaanga. Wanafunzi huisema vibaya kwa sababu ya taa hizo, ilhali kilichopotea zaidi ni fenda. Kwenye 911 ya zamani fenda za mbele ziko juu waziwazi kuliko boneti, hapa zimesawazishwa. 997 ya 2004 ilirudisha taa za duara na kutenganisha indiketa. 991 ilirefusha umbali wa ekseli kwa sentimita 10 na kuhamishia vioo vya pembeni kwenye mlango. 992 imezipa aina zake zote bodi pana na ukanda wa taa unaovuka nyuma yote.

Ukichora kwa kutumia picha, simama mita 15 au zaidi, usawa wa kitovu cha gurudumu, kisha ikuze picha. Ukipiga kwa simu ukiwa mita 2, pua huvimba na mkia husinyaa, na vipimo vyote vinapotea. Na magari ya 911 yanayokimbia mbio za Safari Classic kule Kenya usiyafanye rejeo la kimo: yameinuliwa kwa ajili ya barabara mbovu, na pengo kati ya tairi na fenda si la kiwandani.

Mtego mwingine ni 964 zilizovalishwa sura ya 1973, zenye boneti ndefu na bampa nyembamba. Tepu ya kupimia haitakusaidia, maana tofauti ya umbali wa ekseli ni milimita chache tu. Chungulia nyuma ya gurudumu: ukiona springi ya koili, huenda si gari la 1973, kwani 911 za barabarani za wakati ule zilitumia fito za kujisokota, yaani vyuma virefu vinavyofanya kazi ya springi kwa kujipinda. Halafu soma namba ya chesisi. Ikiwa na tarakimu na herufi 17, gari hilo ni la miaka ya 1980 au baada yake, hata fundi wa bodi awe stadi namna gani.