Tuige kituo cha ujasiriamali cha nchi gani?

Swali: Mimi ni mhadhiri, chuo chetu kinataka kuanzisha kituo cha ujasiriamali. Kuna mshauri ametuletea ramani ya jengo na "modeli ya MIT", kile chuo cha teknolojia cha Marekani, anasema tukilipa tunaanza muhula ujao. Au tuige nchi nyingine?

Jibu: Mwalimu, kabla hamjasaini muulize huyo mshauri, mwanafunzi akibuni kitu humo ndani kinakuwa mali ya nani? Akianza kujiumauma mrudishieni ramani yake. Swali hili naletewa kila mara na karibu kila mara linakuja na jengo, watu wanaamini kituo ni ukumbi mzuri, intaneti ya kasi na shindano la mawazo mwisho wa mwaka, na hilo linanichosha kweli kweli maana kinachotofautisha vituo vya nchi moja na nyingine hakionekani kwenye picha.

Marekani sheria ya Bayh-Dole ya 1980 iliruhusu vyuo vimiliki uvumbuzi uliotokana na utafiti wa fedha za serikali kuu, ndo maana vyuo vyao vikubwa vina ofisi nzima ya hataza (haki ya kumiliki uvumbuzi) na leseni. Uswidi ni kinyume, mtafiti ndo mwenye mali, na chuo chao cha teknolojia cha Chalmers tangu 1997 wanawakutanisha wanafunzi na wavumbuzi wajenge kampuni pamoja. Ujerumani nao walikuwa hivyo hivyo wakaja kuufuta utaratibu huo 2002. Sasa mkataba ulioandikwa kwa sheria ya huku utaufanyia nini kule?

Uongozi nao hivyo hivyo. UnternehmerTUM, kituo cha ujasiriamali cha chuo cha ufundi cha Munich, Ujerumani, ni kampuni inayojitegemea, sio idara inayosubiri saini ya mkuu wa chuo. Ufaransa serikali ndo iliweka hadhi ya mwanafunzi mjasiriamali 2014, mradi wake unaweza kuhesabika badala ya mafunzo kazini. Chuo Kikuu cha Aalto kule Ufini ni wanafunzi wenyewe walioanzisha jumuiya yao ya ujasiriamali 2009.

Na hawa wauza modeli jamani! Wanaweka kwenye mkataba kipengele cha kuchukua sehemu ya hisa za kampuni za wanafunzi halafu wanasema ndivyo MIT wanavyofanya, wakati delta v, programu ya MIT ya kulea kampuni changa za wanafunzi, haichukui hisa hata kidogo. Yeyote anayekuja na kifurushi tayari kabla hajasoma sheria ya nchi yenu na kanuni za chuo chenu anauza karatasi, awe ametoka wapi, na wanaoumia ni vijana wanaokuja kugundua miaka mingi baadaye kwamba kampuni sio yao. Andikeni kwanza sera ya umiliki, mwanasheria wa chuo aipitie, wanafunzi waisome. Jengo lisubiri, hata darasa lililo wazi jioni linatosha kuanzia.