Je, ni Vibaya Kufurahia Akiba Yangu?

Swali: Baada ya miaka mitatu ya kuuza mboga sokoni Kongowea, Mombasa, nimefikisha akiba ya shilingi 100,000 benki. Je, nikisherehekea nitakuwa mbadhirifu?

Jibu: Hongera sana, dada yetu. Pika pilau ule na wanao, mradi gharama itoke katika faida ya wiki hii, akiba yenyewe isiguswe. Usingizi mtulivu unaoupata sasa, kwa kuwa homa ya mtoto haikupeleki tena kwa mkopeshaji, ni faida isiyoandikwa katika taarifa ya benki. Tena utulivu huo una msingi: tangu mwaka 2020, benki ya Kenya ikifilisika, bima ya amana humlipa kila mteja hadi shilingi 500,000. Kiasi cha akiba yako, hata hivyo, usikitaje mbele ya wageni.