Sindano za Kupunguza Uzito: Mnauliza, Mfamasia Anajibu

Nimenunua Ozempic mtandaoni kwa bei nafuu. Bodaboda aliniletea saa nane mchana ndani ya bahasha. Nijidunge? (Nyalenda, Kisumu)

La, dada yangu, nakuomba usijidunge. Kalamu, yaani kifaa chenye dawa cha kujidungia, ikiwa haijaanza kutumika hukaa kwenye friji, nyuzi 2 hadi 8. Yako imepigwa na jua la saa nane, na hakuna ajuaye ililala wapi jana. Halafu kuna za bandia. Juni 2024 Shirika la Afya Duniani lilionya kuhusu Ozempic feki zilizopatikana Brazili, Uingereza na Marekani, na kwamba huenda ndani mna dawa nyingine kama insulini. Asiye na kisukari akijidunga insulini bila kujua, sukari hushuka: jasho, kutetemeka, hata kuzimia. Nenda duka la dawa lenye leseni ya Bodi ya Famasia na Sumu, na karatasi ya daktari mkononi.

Nina wiki mbili kwenye dozi ya 0.25 ya Ozempic na sijapungua hata kilo. Niongeze? (Nakuru)

Subiri, ndugu. Hiyo miligramu 0.25 si ya kukondesha, ni ya kulizoeza tumbo. Maliza wiki 4 ndipo upande hadi 0.5. Dawa hii hukawiza chakula tumboni na kuufanya ubongo ujione umeshiba. Ukirukia dozi kubwa utatapika hadi uishiwe maji. Kichefuchefu kikija, pakua kidogo, kula polepole, na samaki awe wa kuchemsha kwa nyanya badala ya kukaanga.

Wanaonitia hofu ni wale wanaofurahia kukosa njaa, wakashinda na chai ya rangi. Hao wanapoteza misuli pamoja na mafuta. Omena, mayai na maharagwe visikose mezani. Ukipata maumivu makali ya tumbo yanayopenya hadi mgongoni, usingoje asubuhi, kimbia hospitali: huenda ni kongosho limevimba. Na kama tayari unatumia insulini au vidonge vya kisukari vya glibenklamaidi, mweleze daktari kabla ya dozi ya kwanza, maana sukari inaweza kushuka kupita kiasi.

Stima hupotea mara kwa mara huku Kakamega. Dawa itaharibika?

Kalamu ya Ozempic uliyokwisha kuianza huvumilia siku 56 nje ya friji, mradi joto lisipite nyuzi 30. Iweke mbali na dirisha na jiko. Isiguse barafu, ikiganda, itupe hata kama imeyeyuka.

Mimi na dada yangu tunachangia kalamu moja, kila mtu na sindano yake. Kuna ubaya? (Kondele)

Upo, na mkubwa. Damu inaweza kurudi ndani ya kalamu hata mkibadilisha sindano. Acheni leo, na wiki hii nendeni nyote wawili mkapimwe virusi vya ukimwi na homa ya ini. Sindano zilizotumika zitieni kwenye chupa ngumu ya plastiki yenye kifuniko, mzipeleke kituo cha afya mnapokwenda kupimwa.