Uniti ulizonunua si uniti ulizotumia: kwa wanaoanza kusoma mita kwa programu

Wadogo zangu mnaojifunza Python hapa Unguja na Pemba, wengi wenu huniuliza jambo moja: "Kaka, tunavutaje data ya mita ya nyumbani kutoka shirika la umeme?" Swali hili nalipenda sana. Ila kabla ya kufungua kompyuta, kasimame mbele ya mita yenu uitazame.

Mita ya kulipia kabla, hii tunayoiita TUKUZA, kwa kawaida haipeleki habari popote. Unanunua umeme, unapewa namba ya tarakimu 20, unaibonyeza, uniti zinaongezeka. Kwa hiyo kumbukumbu za mauzo zinajua siku uliyonunua na uniti ulizopata, basi. Hazijui kama uniti hizo zimekwenda kwa friji ya usiku au kwa pasi ya asubuhi. Nimeshaletewa michoro mizuri ya rangi inayosema nyumba imetumia uniti 50 Jumamosi, kisha sifuri mpaka Alkhamisi. Nyumba haikutumia hivyo. Mwenyewe alipata pesa Jumamosi.

Manunuzi yana faida yake, lakini. Meseji za risiti zilizomo kwenye simu ya mama zinaweza kukupa miaka kadhaa ya historia, na programu fupi inatosha kuchambua tarehe, kiasi cha pesa na uniti. Ile namba ya tarakimu 20 ihifadhi kama maandishi, usiihifadhi kama namba. Excel hushika tarakimu 15 tu, zilizobaki inazigeuza sifuri. Sifuri ya mwanzo nayo hupotea. Kazi ya namba hiyo kwako ni moja: kutambua meseji iliyotumwa mara mbili. Ukikutana na tokeni (namba hizo za tarakimu 20) mbili zisizo na uniti, za mwaka 2024 au kabla yake, usizifute kwa kudhani ni kosa. Mita za STS, kiwango cha kimataifa cha tokeni za umeme wa kulipia kabla, huhesabu dakika tangu 1 Januari 1993, na nafasi ya hesabu hiyo ilikuwa inajaa tarehe 24 Novemba 2024, ndiyo maana mita zilihitaji kuingiziwa kwanza namba hizo mbili maalumu.

Sasa matumizi yenyewe. Kwenye uso wa mita nyingi za kielektroniki kuna taa ndogo inayomweka, na karibu yake pameandikwa kitu kama 1600 imp/kWh. Maana yake taa ikimweka mara 1600, uniti moja imekwenda. Bandika kihisi cha mwanga juu ya taa hiyo kwa utepe mweusi, kiunganishe na ESP32 (kompyuta ndogo ya saketi moja), uhesabu. Kujua wati za wakati huo, chukua 3,600,000, gawanya kwa 1600, kisha gawanya kwa sekunde zilizopita kati ya mmweko na mmweko. Ikiwa ni sekunde 9, nyumba inavuta wati 250. Halafu ujihakikishie: zima vyote, washa birika la wati 2000 peke yake, na taa imweke kila baada ya sekunde 1.1 hivi. Isipokuwa hivyo, usiendelee mpaka ujue kwa nini. Mita yenyewe usiifungue wala usiguse lakiri yake. Kila unachokihitaji kiko nje.

Umeme ukikatika, kifaa chako nacho huzimika, na hapo ndipo data nyingi zinapoharibika. Dakika ambayo kifaa kilikuwa macho na taa haikumweka, andika 0. Dakika ambayo kifaa kilikuwa kimezimika, acha tupu. Ukizichanganya, utakuja kutangaza kwamba familia imebana matumizi, kumbe mtaa mzima ulikuwa gizani. Weka na saa yenye betri yake, ili kifaa kikiwaka tena kijue ni saa ngapi.

Muda uhifadhi kwa UTC (saa ya kimataifa), kisha ongeza saa 3 wakati wa kuchora. Mwezi wa Ramadhani utaona mlima saa 01:00 ya UTC. Hiyo ni 04:00 ya kwetu, yaani saa kumi ya alfajiri: watu wanapasha daku. Na bibi akikwambia huwasha pampu "saa mbili", muulize ya asubuhi au ya usiku kabla hujaandika.

Anayetaka mazoezi ya kuvuta data moja kwa moja kutoka kampuni, atazame nchi zenye mita zinazotuma vipimo zenyewe. Uingereza mita hizo husoma kila nusu saa, na kampuni ya umeme ya Octopus Energy humpa mteja ufunguo wa kuvuta data zake mwenyewe. Huko saa hubadilishwa mara mbili kwa mwaka, kwa hiyo siku moja ina vipindi 46 na nyingine 50; programu inayolazimisha 48 itavunjika. Marekani kuna Green Button, mfumo wa mteja kupakua data za matumizi yake, kwa faili za XML (maandishi yenye lebo), na humo soma kwanza kipimo na kizidishi kabla ya kujumlisha chochote.

Ruhusa iombe kwa wanaoishi humo. Kama nyumba ni ya kupanga, muombe mpangaji, usiishie kwa mwenye nyumba, maana mistari ya data hiyo inaonyesha watu wanaamka saa ngapi na siku gani wamekwenda Pemba kula Idi wakaacha nyumba tupu. Jina la mtu na namba ya mita visikae kwenye faili moja na vipimo, na faili hilo usilitume kwenye kundi la WhatsApp la darasa.